Kinshasa na Hesabu Yake
Mwenye kudhani kwamba Paris ndio mji mkubwa kuliko yote ambamo Kifaransa ni lugha ya serikali na ya madarasa, na azuru Kinshasa, ukingoni mwa mto Kongo. Mpelelezi Stanley, alipoweka kituo chake hapo mwaka 1881 na kukiita Léopoldville kwa jina la mfalme wa Ubelgiji, aliwakuta Wateke wakifanya biashara ya pembe za ndovu tangu zamani. Na kilichokikuza kituo kile si hekima ya mtawala yeyote, bali ni maporomoko yaliyo chini yake, ambayo hayapitiki kwa chombo, hata ikalazimu shehena ya bara ishushwe hapo na, tangu reli ya Matadi ilipokamilika mwaka 1898, ipakiwe katika mabehewa kuelekea bandarini. Wabelgiji hawakumruhusu Mwafrika kuhamia mjini bila ya kibali, na uhuru ulipowadia mwaka 1960 wakazi walikuwa takriban 400,000. Kizuizi kilipoondoka, na vita na ufukara vikawasukuma watu kutoka mikoani, mji ukafurika, na leo hukadiriwa kupita milioni 15. Nasema hukadiriwa, kwa sababu sensa ya mwisho ilifanywa mwaka 1984, na dola isiyojua idadi ya raia wake (ijapokuwa ina wizara tele) hupanga mifereji na shule kwa kubahatisha. Hicho Kifaransa nacho hukaa zaidi maofisini, ilhali sokoni hutawala Kilingala. Ama Kiswahili chetu, kilichoingia kwa kishindo pamoja na askari waasi wa Laurent Kabila mwaka 1997, huko kingali mgeni.