Gitaa la Umeme na Vidole vya Mpigaji



Vijana wa mji wetu wa Kisangani hupenda sana kusimama karibu na mpiga gitaa. Hutazama rangi ya chombo na nyuzi zake, kisha hurudi nyumbani wakisema: "Baba, nikipata gitaa kama lile, nami nitapiga kama yule." Baba huikumbuka karo ya shule, akanyamaza. Juma hili twataka kuwapatanisha baba na mwana.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Chini ya nyuzi za chuma kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi ukitikisika, umeme kidogo huzaliwa katika waya ule, ukapelekwa kwenye kikuza sauti. Basi umeme hukuza tu kile kilichokwisha kufanywa na vidole. Vidole vikikosea, kosa nalo hukuzwa.

Katika bendi za jazi za Marekani, gitaa la kawaida lilimezwa na sauti ya tarumbeta. Mwaka 1939 Charlie Christian aliingia katika kundi la Benny Goodman na gitaa la umeme, na watu wakasikia gitaa likiongoza wimbo. Alifariki mwaka 1942 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 25 tu. Lakini wapigaji wengi walimfuata.

Huko Ulaya alikuwako Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910. Mwaka 1928 moto ulimwunguza, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikapooza. Je, aliacha? Hapana. Alijifunza upya, akitumia zaidi vidole viwili vilivyobaki vizima, akawa bingwa wa kusifiwa ulimwenguni.

Nchini mwetu, Mbelgiji Bill Alexandre alileta gitaa la umeme Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1953. Vijana wa Kikongo walilipokea kwa bidii. Nicolas Kasanda, aliyezaliwa mwaka 1939, aliingia African Jazz ya Joseph Kabasele angali kijana. Hata hivyo hakuacha masomo: mwaka 1957 alihitimu kuwa mwalimu wa ufundi. Mwaka 1960 alikuwa Brussels pamoja na Kabasele wakati wa mazungumzo ya uhuru, na watu wakamwita Docteur Nico kwa ustadi wake. Na mji wetu haukukosa wake: Flamme Kapaya, aliyetoka Kisangani, alipiga gitaa la kuongoza katika kundi la Werrason, na mwaka 2009 alishirikiana na Faustin Linyekula katika onyesho lao la dansi na muziki.

Enyi vijana, umeme ukikatika usiku, gitaa la thamani kuu huwa kama ubao mkavu. Lakini ujuzi wa vidole haukatiki. Anzeni na gitaa la mbao, hata la kuazima, na jioni za kwaya msizikose. Nanyi wazazi, msimcheke mtoto arudiaye noti zile zile kila jioni, mkadhani anapoteza wakati. Mwekeeni saa ya masomo na saa ya gitaa, kisha ketini mmsikilize. Haba na haba hujaza kibaba. Siku atakapostahili chombo kikubwa, ninyi mtakuwa wa kwanza kujua.