Gari Halisafiri Peke Yake

Kampuni kubwa za magari zina desturi ya kusherehekea kumbukumbu zao barabarani. Inapotimia miaka kadha wa kadha tangu kiwanda kianzishwe, au linapotoka kiwandani gari la milioni moja, magari machache huteuliwa, hupambwa kwa bendera na nembo, kisha hutumwa kuizunguka dunia huku wapiga picha wakiyafuata. Safari inapokwisha hutolewa tangazo kwamba gari limeishinda dunia. Tangazo la namna hiyo hufika hata Ifakara. Wakazi wa Bonde la Kilombero, ambao wanayafahamu magari katika tope, katika foleni ya kivuko na chini ya mwembe wa fundi, wana haki ya kuuliza ni dunia ipi iliyoshindwa.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2011. Mwaka huo ilitimia miaka 125 tangu Carl Benz aandikishe uvumbuzi wa gari lake la magurudumu matatu mwaka 1886, na kampuni ya Mercedes-Benz ikaamua kuiadhimisha siku hiyo kwa safari ya siku 125. Magari matatu yaitwayo B-Class F-CELL, yanayotumia haidrojeni na kutoa mvuke wa maji badala ya moshi, yaliondoka mjini Stuttgart, Ujerumani, mwishoni mwa Januari na kurejea huko mwanzoni mwa Juni. Yalipita katika nchi 14 za mabara manne: Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Australia na Asia. Afrika haikuwamo. Safari iliyotangazwa kuwa ya kuizunguka dunia ilianza na kumalizika bila ya gurudumu hata moja kugusa udongo wa bara hili.

Wako watakaoona kwamba jambo hilo ni dharau. Huenda ni dharau, lakini kulalamika kwamba mtu hakualikwa katika karamu ya mwenziwe hakuleti chakula nyumbani. Lenye manufaa zaidi ni kutazama jinsi safari ile ilivyowezekana. Vituo vya kujazia haidrojeni vilikuwa vichache mno duniani, kwa hiyo ilibidi msafara uandamane na gari la kubebea haidrojeni, pamoja na mafundi na vifaa vyao. Magari matatu yaliyoonekana katika picha yaliweza kwenda kwa sababu yapo mengine, na watu wengine, ambao hawakuonekana sana katika picha. Hiyo ndiyo kanuni ya gari tangu lilipozaliwa: gari halisafiri peke yake. Nyuma yake na mbele yake hutangulia kazi ya watu, na suala la kuuliza siku zote ni kazi hiyo imefanywa na nani, na kwa faida ya nani.

SAFARI ILIYOANZIA DAR ES SALAAM

Tanzania ina ushahidi wake wa kale juu ya kanuni hiyo. Tarehe 10 Agosti, 1907, ofisa Mjerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akinuia kulivuka bara la Afrika hadi pwani ya magharibi. Gari lake lilitengenezwa katika kiwanda cha Gaggenau, kiwanda ambacho baadaye kilitwaliwa na Benz. Kwa hiyo ukoo uleule wa magari ambao mwaka 2011 uliizunguka dunia bila ya Afrika, karne moja nyuma ulikuwa umejitafutia sifa zake papa hapa. Graetz aliwasili Swakopmund, katika nchi ambayo leo ni Namibia, tarehe 1 Mei, 1909. Safari ilikuwa imechukua karibu miezi 21.

Vitabu vya historia ya magari humtaja Graetz kuwa mtu wa kwanza kuivuka Afrika kwa gari. Ni kweli gari lilivuka. Lakini petroli iliyolipeleka ilitangulizwa njiani ikiwa imebebwa na wapagazi, na pale ambapo hapakuwa na njia, njia ilifyekwa kwa mikono. Pale gari liliposhindwa na mchanga au mto, lilivutwa na kusukumwa na watu. Chombo kilichosifiwa kwamba kitamwondolea binadamu mzigo kichwani kilifika kwa kubebewa chakula chake na vichwa vya binadamu. Jina la dereva limehifadhiwa. Ya wapagazi yamepotea.

Yafaa pia ikumbukwe hali ya Bonde la Kilombero wakati gari lile likiondoka Dar es Salaam. Miaka miwili kabla yake, Agosti 1905, Wapogoro na Wambunga walikuwa wameishambulia ngome ya Wajerumani ya Mahenge katika Vita vya Maji Maji, wakapigwa kwa bunduki za rashasha. Baada ya hapo majeshi ya wakoloni yaliteketeza mashamba na maghala ili njaa imalize kazi ambayo risasi haikuimaliza. Mwaka 1907 sehemu kubwa ya kusini ilikuwa bado katika mauti ya njaa hiyo. Serikali ya kikoloni haikukosa uwezo wa kuona gari likipita kuelekea magharibi. Ilikosa nia ya kupeleka chakula Mahenge.

Miaka ya baadaye haikubadili sana utaratibu huo. Mwaka 1924 na 1925 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilipeleka magari yake yenye minyororo nyuma kutoka Algeria hadi Madagaska. Msafara uligawanyika Kampala, na kundi moja likashukia Dar es Salaam. Zilipigwa filamu, zikachorwa picha, zikauzwa gari nyingi huko Ulaya. Afrika ilitumiwa kama ukuta wa kubandikia tangazo.

BONDE NA KIPIMO CHAKE

Bonde la Kilombero lina kipimo kingine cha gari. Upande mmoja imesimama Milima ya Udzungwa, upande wa pili nyanda za juu za Mahenge, na katikati mto unatanuka wakati wa masika mpaka mgeni hawezi kutambua wapi mto unakwisha na wapi shamba la mpunga linaanza. Udongo ule mweusi unaoustawisha mpunga ndio uleule unaolimeza lori hadi kwenye ekseli. Neema ya bonde na taabu ya bonde zimetoka katika tope moja.

Kwa miaka mingi kati ya Ifakara na ng'ambo ya Ulanga na Malinyi hapakuwa na njia ya gari isipokuwa kivuko. Tajiri mwenye gari jipya na maskini mwenye baiskeli yenye gunia la mchele walikaa katika foleni moja, na wote wawili walitegemea hali ya maji. Mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, alingoja vilevile. Mwaka 2002 ajali ya kivuko mtoni hapo iliangamiza maisha ya watu wengi. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama pamoja na magari kiliokuwa kimeyabeba. Katika ajali hizo hakuna aliyeuliza kama injini za magari yale zilikuwa bora. Injini nzuri haina msaada juu ya kivuko kinachozama.

Mei 2018 lilizinduliwa daraja lenye urefu wa mita 384 juu ya Mto Kilombero, likapewa jina la Rais Magufuli. Siku hiyo hapana gari lililobadilishwa injini wala magurudumu, na hata hivyo kila gari la Ulanga na Malinyi lilikuwa bora kuliko lilivyokuwa jana yake. Gari la wagonjwa lilipata mwendo ambao hakuna kiwanda cha Ulaya au Japani kingeweza kuliongezea. Hata baiskeli ilipata. Huo ndio uvumbuzi wa kweli wa usafiri: ule unaomnufaisha mwenye gari na asiye na gari kwa pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba na kwa jasho la wafanyakazi wa Tanzania, Zambia na China. Reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860 ilipita Mang'ula, Ifakara na Mlimba, ikavitoa vijiji vya kando ya Udzungwa katika kifungo cha masika. Vilevile barabara ya Kidatu hadi Ifakara, takriban kilomita 67, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 2018, haikukamilika ila baada ya miaka kadhaa ya vumbi na subira. Kazi hizi hazizunguki dunia wala hazina bendera ubavuni, lakini ndizo zinazomfikisha mkulima sokoni.

SHEREHE NA WAJIBU

Haitakuwa haki kusema kwamba misafara ya kumbukumbu haina faida yoyote. Mwaka 2012 Land Rover ilipotoa Discovery ya milioni moja, ilituma msafara kutoka Birmingham hadi Beijing kwa siku 50, kwa nia ya kuchangisha pauni milioni moja za mradi wa maji na usafi wa Msalaba Mwekundu nchini Uganda. Mchango kama huo hustahili shukrani. Lakini mchango hutolewa kwa hiari ya mtoaji na hukoma sherehe inapokoma. Taifa haliwezi kupanga usafiri wa wakulima wake kwa kungoja kiwanda cha mbali kitimize miaka.

Lipo ambalo kampuni hizo zingeweza kuulizwa bila ya kuombwa sadaka. Magari mengi yanayofanya kazi katika bonde hayakuja mapya. Yalikwishatumika katika nchi nyingine, hasa Japani, yakauzwa yakiwa yamechoka. Anayeyarudishia uhai ni fundi wa Ifakara, mwenye jeki moja, spana chache na akili nyingi. Fundi huyo hulifanya gari liishi miaka ambayo mtengenezaji wake hakuitarajia, na sifa ya uimara huenda kwa nembo iliyo mbele ya gari. Kampuni inayotaka kuadhimisha miaka yake katika Tanzania ingeanza na huyo: mafunzo katika vyuo vya ufundi, vifaa vya kazi, na spea halisi kwa bei ambayo mwenye lori la mpunga anaimudu. Na wanaonunua magari ya umma wasiridhike na bei ya gari siku ya kununua. Wadai pia spea na mafunzo kabla ya kutia sahihi.

Wajibu mwingine ni wa wananchi wenyewe. Barabara ya lami inayopita katika ardhi ya mfinyanzi huharibika upesi ikiwa mitaro imeziba na malori yamezidisha uzito. Anayeng'oa alama ya barabarani ili auze chuma chakavu, na dereva anayehonga mizani ili apite na shehena iliyozidi, wanavunja kwa mkono wao kile ambacho wazazi wao walikisubiri maisha yao yote. Barabara haikamiliki siku ya kukata utepe. Hukamilika kila mwaka, masika yanapopita na kuikuta bado inapitika.

Kampuni yoyote inayotaka kweli kulipima gari lake inakaribishwa Kilombero. Isije wakati wa kiangazi pamoja na wapiga picha. Ije mwezi wa Aprili, ipakie magunia ya mpunga kutoka mashambani Malinyi, impakie na mgonjwa anayehitaji kufika Ifakara kabla ya usiku. Ikifika salama itakuwa imethibitisha ubora wa gari, na zaidi ya hapo itakuwa imethibitisha ubora wa barabara, daraja na mafundi waliolifikisha. Basi sifa zitakapogawanywa, wao wapewe fungu lao kwanza.