Seva za proksi: Watumiaji maelfu, walinzi wachache

WATAALAMU wa usalama wa kompyuta wanapogundua mwanya katika programu, wana wajibu mmoja kabla ya kuutangaza: kumwarifu mwenye programu ili auzibe. Mwezi Mei 2024 ilidhihirika kwamba taarifa hiyo, hata ikitumwa mapema, inaweza kupotelea njiani huku maelfu ya seva zikibaki wazi.

Mei 1 mwaka huo, watafiti wa Talos, kitengo cha kampuni ya Cisco ya Marekani, walichapisha maelezo ya udhaifu katika Tinyproxy, programu ndogo ya kuendeshea seva za proksi. Walieleza kuwa walikuwa wamejaribu kuwasiliana na watunzaji wake tangu Desemba 2023 bila kupata jibu. Siku mbili baadaye, kampuni ya Censys, inayochunguza mitambo iliyounganishwa kwenye intaneti, ilihesabu zaidi ya seva 90,000 za programu hiyo zinazofikika kutoka nje. Ilikadiria kuwa asilimia 57 kati yake zilikuwa na matoleo yenye kasoro.

Seva ya proksi ni wakala anayesimama kati ya intaneti na kompyuta za ofisi, chuo au nyumba. Ombi la mtumiaji hupitia kwake, naye ndiye huenda kuleta ukurasa unaotakiwa. Kwa nafasi hiyo, huweza kuchuja tovuti, kuhifadhi nakala za kurasa zinazotembelewa mara kwa mara na kuficha anwani ya mtumiaji. Lakini anayefanikiwa kumteka wakala huyo naye hupata nafasi ya kuvuruga mawasiliano ya wote wanaomtegemea.

Kasoro ya Tinyproxy ilihusu kumbukumbu ya kompyuta. Programu iliachia sehemu ya kumbukumbu iliyokwisha kuitumia, kisha ikairudia kana kwamba bado ni yake. Mshambuliaji aliyetuma ombi lililoundwa kwa hila angeweza kuiangusha na, kwa mujibu wa watafiti, hata kuifanya itekeleze amri zake. Katika kipimo cha kimataifa cha ukali wa kasoro, ilipewa alama 9.8 kati ya 10.

Upande wa watunzaji ulikana kuipuuza taarifa hiyo. Ulieleza kuwa ujumbe wa watafiti ulikwenda kwenye anwani ya zamani ya barua pepe, na kwamba habari zilifika Mei 5 tu, kupitia kwa mtu anayeiandaa programu hiyo kwa watumiaji wa mfumo wa Debian. Marekebisho yalitolewa mara baada ya hapo. Ugumu, basi, haukuwa katika kuziba mwanya. Kilichokosekana kwa miezi kadhaa ni njia ya uhakika ya kumfikia mwenye uwezo wa kuuziba.

Kisa cha Squid ni kizito zaidi. Programu hiyo ya proksi, iliyoanza mwaka 1996 kutokana na mradi wa utafiti wa Harvest nchini Marekani, ni miongoni mwa zilizoenea sana duniani. Mwezi Oktoba 2023, mtafiti Joshua Rogers alitangaza kuwa uchunguzi alioufanya mwaka 2021 ulibaini kasoro 55, na kwamba 35 zilikuwa bado hazijarekebishwa. Baadhi zimezibwa katika matoleo yaliyofuata. Rogers hakuwalaumu watunzaji. Alisema walimpa ushirikiano, ila hawakuwa na watu wa kutosha kuimaliza kazi hiyo.

Programu zote mbili ni huria: yeyote anaweza kuzitumia bila malipo na kuusoma msimbo wake. Watetezi wa utaratibu huo husema kuwa macho mengi hufichua makosa mapema. Hoja hiyo ina ukweli, lakini visa hivi viwili vinaonesha mpaka wake. Macho yanaweza kuwa mengi na mikono ikabaki michache. Maelfu hupakua, wachache hukagua, na wanaorekebisha mara nyingi ni watu wa kujitolea wanaofanya kazi hiyo baada ya saa za ajira zao.

Suala hilo haliko mbali na Afrika Mashariki. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 2009, intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali mno, na kuhifadhi nakala za kurasa kwenye proksi kulikuwa njia ya kubana matumizi. Seva ya namna hiyo, ikisahauliwa katika chumba cha mitambo bila programu yake kuhuishwa, hugeuka mlango usio na bawabu.

Kinga ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Watunzaji wa Tinyproxy walibainisha kuwa kasoro yao haifikiki mpaka ombi lipite ukaguzi wa ruhusa. Hivyo, seva iliyowekewa mipaka ya nani aitumie ilikuwa salama zaidi kuliko iliyoachwa wazi kwa dunia nzima. Kinga ya pili ni orodha: taasisi ijue inaendesha programu gani, toleo lipi, na nani amekabidhiwa kufuatilia marekebisho yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na seva nazo ni mali.