Mgeni alipofika Suva

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Suva, makao makuu ya Fiji katika bahari ya Pasifiki, mwenyeji hakupona, alihama.

Mwaka 1868 Cakobau, mtawala wa Bau, alikuwa ameelemewa na deni la Wamarekani. Kampuni moja ya Melbourne ilikubali kumlipia, naye akaipa ardhi kubwa, Suva ikiwamo. Mwaka 1870 walowezi wakaingia kulima pamba. Haikustawi, wakageukia miwa, nayo ikawashinda.

Uingereza iliitwaa Fiji mwaka 1874. Makao makuu yalikuwa Levuka, mji uliobanwa baina ya mlima na bahari. Kwa kukosa nafasi, mwaka 1882 serikali ikahamia Suva. Wenyeji wakahamishiwa ng'ambo ya bandari, penye kijiji cha Suvavou, yaani Suva Mpya. Vizazi vyao vimeidai haki ya ardhi ile miaka na miaka.

Wapo wasemao: yaliyopita si ndwele, tazama bandari, tazama majumba! Hayo ni maneno ya aliyepata, si ya aliyepokonywa. Deni lilikuwa la mtawala wa Bau. Iliyolipa ni ardhi ya watu wa Suva. Na sisi chuoni tulifunzwa kuwa haki ya mja haiozi kwa wingi wa miaka.

Basi anayeandika tarikhi ya mji asianze na gavana. Aanze na waliohamishwa.