Mgonjwa wa Warfarini na Shina la Sukuma Wiki

Mara nyingi mgonjwa aliyewekewa vali bandia ya moyo huondoka kliniki na maagizo mawili: ameze warfarini kila siku, na aache mboga za majani. Agizo la kwanza humlinda. La pili, ingawa hutolewa kwa nia njema, lina kasoro, na wahudumu wa afya hawana budi kuliacha.

Warfarini hulizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza baadhi ya protini za kugandisha damu. Sukuma wiki ina vitamini hiyo kwa wingi, na kuipika hakuiondoi. Hapo ndipo hofu ilipoanzia. Lakini dozi hupangwa kwa kufuata kipimo cha INR, nacho huakisi chakula alichozoea mgonjwa. Anayekula kiasi kile kile kila juma hupangiwa dozi inayolingana nacho. Hatari imo katika kubadilika ghafla: akiacha mboga, damu huwa nyepesi mno na anaweza kuvuja damu, akizirudia kwa pupa, damu huweza kuganda kwenye vali, na donge likasafiri hadi ubongoni. Isitoshe, katika nyumba ambayo mlo ni ugali na mboga, kumkataza mboga ni kumwachia ugali mtupu.

Ugumu uko sokoni, ambako mboga hufurika miezi fulani na kupanda bei miezi mingine. Ndiyo maana mashina machache ya sukuma wiki uani yana maana ya kitabibu. Mmea huu ni mvumilivu. Ukipata maji, hubaki kijani kiangazi na masika. Hauhitaji hata mbegu: chipukizi la ubavuni la shina lililokomaa hukatwa, likapandwa kwenye ndoo iliyotobolewa chini au gunia lenye udongo na samadi iliyooza, likawekewa kivuli siku za mwanzo. Huchumwa majani ya chini, ya kileleni yakiachwa. Vidukari vikivamia, huoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Muhimu ni fungu lisibadilike, kwa mfano viganja viwili mara tatu kwa juma.

Aliyekwisha kuacha mboga asizirudie kimyakimya. Amweleze muuguzi siku ya kipimo, aanze kidogo kidogo, na INR ipimwe tena mapema hadi itulie. Muuguzi naye, badala ya kuuliza kama mgonjwa anakula mboga, amuulize anakula kiasi gani, mara ngapi kwa juma, na kama bustani bado ina majani.