Kanada: Kadi Iliyotumwa na Tume, Ikakataliwa Kituoni

Kwa zaidi ya miaka kumi wanasiasa wa Kanada walibishana juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni dogo mno: je, kadi ambayo Tume ya Uchaguzi yenyewe humtumia mpiga kura kwa posta, ikiwa na jina na anwani yake, yafaa kuwa ushahidi wa makazi yake anapofika kituoni? Bunge la nchi hiyo limeliamua suala hilo mara mbili, na uamuzi wa pili ukatengua wa kwanza. Mwaka 2014 kadi ilikatazwa. Mwaka 2018 ikaruhusiwa. Katikati yake wapo raia waliokosa haki yao, na hao ndio wanaotupasa tulitazame jambo hili kwa makini.

Msomaji wa Tanzania asiichanganye kadi hiyo na kadi ya mpiga kura aliyoizoea. Hapa kwetu mtu huandikishwa, hupigwa picha na kukabidhiwa kadi yake mkononi. Ile ya Kanada haina picha wala tarehe ya kuzaliwa. Hutumwa kwa kila aliyemo katika Daftari la Taifa la Wapiga Kura, na kazi yake ya asili ni kumjulisha mtu kuwa ameandikishwa, siku ya kupiga kura ni ipi na kituo chake ni kipi.

Hadi mwaka 2007, aliyekuwa na jina katika orodha aliweza kwa kawaida kupiga kura kwa kutaja jina na anwani yake tu. Mwaka huo sheria ilibadilishwa, zikawekwa njia tatu: kuonyesha kitambulisho kimoja cha serikali chenye picha, jina na anwani, au nyaraka mbili zilizokubaliwa na Tume, mojawapo ikiwa na anwani, au kuapa na kudhaminiwa na mpiga kura mwingine wa eneo lile lile.

Ikumbukwe kuwa sheria hiyo haikumlazimisha kila mtu kuonyesha picha, na ndiyo maana mnamo Septemba 2007, wakati wa chaguzi ndogo za Quebec, ulizuka mzozo juu ya wanawake wa Kiislamu wanaovaa nikabu. Mkuu wa Tume, Marc Mayrand, alieleza kuwa sheria ilivyoandikwa haikumpa uwezo wa kuwalazimisha kufunua nyuso, kwani hata wapigao kura kwa posta hawaonekani nyuso zao. Waziri Mkuu Stephen Harper alimlaumu hadharani, na muswada wa kulazimisha nyuso zionekane ukapelekwa bungeni, lakini haukupitishwa. Kelele zilikuwa juu ya uso, ilhali tatizo la wapiga kura walio wengi lilikuwa kwingine kabisa, yaani anwani. Baada ya sheria ile kupita iligundulika kuwa wapiga kura wapatao milioni moja, hasa wa vijijini, hawakuwa na nyaraka zenye anwani kamili ya makazi, na Bunge likalazimika kuirekebisha kabla mwaka haujaisha.

Hebu tujiulize, ni nani anayeshindwa kuthibitisha anwani katika nchi tajiri kama ile? Mwenye leseni ya udereva hana shida. Lakini pasipoti ya Kanada haina anwani iliyochapishwa, hivyo haitoshi. Mzee aliye katika nyumba ya kutunzia wazee hana ankara ya umeme wala leseni. Mwanafunzi wa bweni hana mkataba wa pango. Mke ambaye ankara zote za nyumba zimeandikwa jina la mumewe yumo humo humo, na vivyo hivyo wenyeji asilia katika maeneo yao yasiyokuwa na majina ya mitaa. Wote hawa ni raia, na wengi wao wana kitu kimoja kilichoandikwa jina na anwani yao: kadi ya Tume. Kwa sababu hiyo, katika uchaguzi mkuu wa 2011 Tume iliruhusu kwa majaribio kadi hiyo itumike, pamoja na waraka mwingine, katika nyumba za wazee, vyuo na maeneo ya wenyeji asilia.

Februari 2014 serikali ya chama cha Conservative ilileta muswada ulioitwa wa uchaguzi wa haki. Waziri mhusika, Pierre Poilievre, alidai kuwa kadi moja kati ya sita ina makosa, na kwamba ilifungua mlango wa udanganyifu. Mbunge mmoja wa chama hicho, Brad Butt, alilieleza Bunge kuwa ameona kwa macho yake watu wakiokota kadi zilizotupwa katika majengo ya makazi ili zitumiwe na wengine. Kabla mwezi haujaisha alisimama tena bungeni akakiri kuwa hakuona jambo hilo. Pamoja na hayo, muswada ulipita, ukawa sheria Juni mwaka huo.

Kwa insafu ni lazima tuseme kuwa hofu ya serikali haikutoka hewani. Katika jimbo la Etobicoke Centre, ambako mshindi wa 2011 alipita kwa kura 26 tu, mahakama ilibatilisha matokeo kwa dosari za kumbukumbu, kabla Mahakama ya Juu kuyarejesha Oktoba 2012 kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Ripoti ya Harry Neufeld ya 2013 nayo ilikuta dosari nyingi katika udhamini wa wapiga kura. Lakini dosari hizo zilikuwa za makarani waliojaza fomu vibaya, na Neufeld mwenyewe alipinga ripoti yake kutumiwa kama ushahidi wa wizi wa kura. Tena yeye alipendekeza matumizi ya kadi yapanuliwe, ili udhamini upungue.

Matokeo yalionekana Oktoba 2015. Mahakama ya Ontario ilikuwa imekataa, mwezi Julai, kukisimamisha kifungu hicho kabla ya uchaguzi. Utafiti uliofanywa na Idara ya Takwimu ya nchi hiyo baada ya uchaguzi ulikadiria kuwa watu wapatao 172,000 hawakupiga kura kwa kushindwa kuthibitisha utambulisho au anwani, na 50,000 hivi kati yao walifika vituoni wakarudi bila kupiga. Watetezi wa sheria wanaweza kusema kuwa waliojitokeza mwaka huo walifikia asilimia 68, zaidi ya uchaguzi uliotangulia. Ni kweli. Lakini wingi wa waliopiga haumrudishii haki yule aliyegeuzwa mlangoni.

Desemba 2018, serikali nyingine ikiwa madarakani, sheria mpya iliiruhusu tena kadi, kwa sharti iambatane na waraka mwingine unaothibitisha jina. Chaguzi za 2019, 2021 na 2025 zimefanyika kwa utaratibu huo.

Funzo hapa ni la wazi. Ni kanuni kongwe ya mahakama kuwa anayedai ndiye anayepaswa kuleta ushahidi. Aliyedai kuwa kadi zinaibia kura alitakiwa awaonyeshe walioiba. Badala yake mzigo wa kuthibitisha ukatwishwa mzee na mwanafunzi. Kama kadi moja kati ya sita ina makosa, dawa ni kulisafisha daftari na kudai waraka wa pili, wala si kuzikataa zile tano zilizo sahihi. Chombo cha umma kikimwandikia raia kwa jina na nyumba yake, kikamwita aje kituoni, hakiwezi kwa uadilifu kumwambia pale mlangoni kuwa hakijui anaishi wapi.