Boksi Lisilopumua Litakunywa Maji

Leo siandiki kuhusu programu wala tarakilishi, ingawa programu ndiyo iliyobebeshwa lawama. Nina ugomvi na imani moja iliyoenea hapa Nairobi kwa mafundi, wauzaji na waandikaji wa zabuni: kwamba kifaa cha nje kikizibwa kila mahali, basi mvua haitakiweza. Si kweli. Na anayelipia uongo huo si wao.

Kisa chenyewe kiko Kenyatta Market. Wengi mnalijua soko hilo kwa nyama choma na kwa wasusi. Saluni za pale zinakula maji: kuosha nywele, kusafisha, na ile sufuria ya maji moto ya kuchovya ncha za rasta msuko unapoisha. Mgao wa maji wa jiji hili hauhitaji maelezo, kwa hiyo tangi la juu ya paa ni mali. Mimi niliandika programu inayosoma kina cha maji kwenye tangi na kumtumia mwenye saluni ujumbe yakipungua. Maboksi ya kuwekea saketi yalitoka kwa muuzaji mwingine. Yalikuwa na maandishi ya IP67 ubavuni, na fundi wake akaongeza silikoni pande zote ili roho itulie.

Mvua ya masika ilipoingia, vipimo vikaanza kuruka. Tangi tupu likawa linasomeka limejaa. Mama mmoja alikuwa na wateja watatu wamekaa na povu kichwani bomba lilipokauka. Akanunua mitungi ya mkokoteni kwa bei ya dharura, kisha akanipigia simu: "Mwanangu, hiyo programu yako inanidanganya." Tulipofungua boksi tulikuta maji yametuama, vijiko vitatu hivi, na kutu ya kijani juu ya saketi. Muuzaji alipoulizwa alisema tuongeze silikoni.

Sasa tusikilizane. Chukua chupa ya plastiki, tia maji moto kidogo, tikisa, yamwage, funga kifuniko haraka, halafu imwagie maji baridi kwa nje. Itajikunja mbele ya macho yako. Hewa ya moto iliyofungiwa ikipoa, shinikizo lake hushuka, na hewa ya nje hubonyeza kila upande. Chupa ni laini, ndiyo maana inajikunja. Boksi la plastiki ngumu halijikunji. Linanyonya.

Hesabu si ngumu. Boksi lililo juu ya mabati likichomwa na jua la mchana linaweza kufika nyuzi 60 ndani. Joto hilo hutanua hewa, na kwa saa kadhaa hewa hiyo hutoka polepole kupitia gasketi na glandi (zile nati za plastiki zinazobana waya unapoingia). Saa tisa mvua inashuka ghafla, kama ilivyo desturi yake hapa, na boksi linapoa hadi nyuzi 20 ndani ya dakika chache. Kwa kipimo cha Kelvini hiyo ni kutoka 333 hadi 293, yaani shinikizo la ndani linashuka kwa asilimia 12. Nairobi tuko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na hewa yetu ina shinikizo la kilopaskali 83 hivi. Asilimia 12 ya hapo ni kilopaskali 10. Na kilopaskali 10 ni sawa na uzito wa maji ya kina cha mita moja.

Rudia kusoma hapo. Boksi lako halijatumbukia popote, liko juu ya paa la saluni, lakini linabanwa kana kwamba limezamishwa mita moja. Na wakati huohuo gasketi yake imezungukwa na maji ya mvua yanayotafuta njia. Kila siku ya jua na mvua linavuta pumzi namna hiyo. Ufa mwembamba kama unywele unatosha, na silikoni iliyopakwa na fundi huachia plastiki siku moja pembeni.

"Lakini limeandikwa IP67!" Ndiyo. Namba hizo zinatoka kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Namba 7 ya mwisho maana yake kifaa kilizamishwa ndani ya mita moja ya maji kwa dakika 30. Ila kuna sharti ambalo wauzaji hawalitaji: maji ya jaribio hayatakiwi kutofautiana na kifaa kwa zaidi ya nyuzi 5 za joto. Yaani jaribio limepangwa makusudi lisiwe na kile hasa kinachoua vifaa vyetu juu ya mabati, maana hapa tofauti ni nyuzi 40. Siwalaumu walioandika kiwango hicho, walitaka matokeo yanayolinganishika. Nawalaumu wanaokibandika ubavuni mwa boksi na kumwambia mama wa saluni kwamba sasa alale usingizi.

Dawa iko, na ni ya zamani kuliko mimi. Mwaka 1969 Bob Gore, kule Marekani, aligundua kwamba PTFE ikivutwa kwa ghafla inageuka utando wenye matundu madogo mno yasiyohesabika. PTFE mnaijua, ni ile tefloni ya sufuria zisizoshika, na ndugu yake ni tepu nyeupe ambayo fundi bomba huzungusha kwenye nyuzi za mabomba. Matundu ya utando ule ni madogo sana kwa tone la maji, na PTFE yenyewe haipendi maji, kwa hiyo tone linabaki nje. Lakini molekuli za hewa na mvuke ni ndogo zaidi, zinapita. Ndiyo siri ya yale makoti ya mvua ya Gore-Tex. Toboa tundu dogo kwenye boksi, bandika kipande cha utando huo, na boksi litapumua kupitia pale. Shinikizo la ndani na la nje linalingana, gasketi haivutwi tena, mvua inabaki kuwa mvua.

Hamniamini? Simu nyingi za bei ya juu zinazovumilia maji zina utando wa aina hii kwenye maikrofoni na spika. Kama simu yako ina baromita, fungua programu ya kuisoma na upande jengo la ghorofa kumi. Namba itashuka kwa hektopaskali 3 hivi. Simu "iliyozibwa" imejuaje kwamba umepanda? Kwa sababu hewa inaingia. Watengenezaji wenyewe hawazibi kabisa, sisi ndio tunaoziba kwa niaba yao.

Najua majibu mtakayonipa, nimeshayasikia yote. Vipakiti vya silika vinameza unyevu, ndiyo, hadi vishibe, kisha vinakaa tu kama changarawe. Kumwaga resini juu ya saketi kunafanya kazi, lakini siku betri ikifa utatupa kila kitu. Tundu la kawaida kwa chini ni jibu zuri kwa boksi la swichi kubwa za umeme, nalitetea kabisa, ila kwa saketi ndogo ni mlango wa vumbi na mende. Kuhusu bei, vile vya kubandika vinaweza kupatikana chini ya dola moja kimoja ukiagiza kwa wingi. Haifikii hata mitungi aliyonunua yule mama.

Utando si muujiza pia. Unapitisha mvuke, kwa hiyo unyevu wa ndani utafanana na wa nje, na usiku wa baridi umande unaweza kutua. Saketi ipakwe vanishi ya kinga vilevile. Na pale Kenyatta Market kuna adui mwingine ambaye vitabu vya kiwandani havimtaji: moshi wa nyama choma wenye mafuta, pamoja na mafuta ya nywele na sabuni za saluni. Mafuta na sabuni huvunja ile tabia ya PTFE ya kukataa maji, utando ukaloa na kuvuja. Agiza aina iliyotiwa dawa ya kukataa mafuta. Uweke ubavuni au chini ya boksi, kamwe si juu ambako maji hutuama. Na tafadhali, fundi wangu, usiupake silikoni. Nimeona mtu akifanya hivyo, eti "nilikuta tundu nikaliziba".

Jambo moja ni la hatari na silifanyii mzaha. Kuna watu wanafungia betri za asidi za sola ndani ya maboksi yasiyopitisha hewa. Betri hizo zikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni. Haidrojeni ndani ya boksi lililozibwa, na cheche moja ya swichi, si suala la vipimo kuruka tena. Hapo tundu la hewa la kweli ni lazima.

Zabuni nyingi nilizosoma zinadai IP67 kwa herufi kubwa na hazina hata sentensi moja kuhusu kupumua. Mpaka zibadilike, jaribu mwenyewe. Weka tishu kavu ndani ya boksi tupu, lifunge kama fundi anavyolifunga, liache juu ya mabati tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, kisha limwagie ndoo ya maji baridi mfululizo hadi lipoe. Fanya hivyo siku tano kabla hujalipa. Ukifungua ukakuta tishu imeloa, mrudishie muuzaji boksi lake pamoja na hiyo tishu.